Bustani ya Kuwazuia Watu Wanane

Habari za wale watu wanane zilifika Otter Bend siku ya Ijumaa, saa ambayo nusu ya kijiji huwa ukumbi wa zimamoto ikila samaki wa kukaanga. Kabla viazi havijapoa hapakuwa na mtu aliyekuwa hajazisikia.

Lorna Tischler ndio kwanza alikuwa anakamulia samaki wake limau pale Trudy Wojcik alipojitupa kwenye kiti cha mbele yake. Trudy ndiye mwenye saluni pekee ya kijiji, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe kutoka mbali, na nywele zilizobadilika rangi kila mwezi. Aprili ile zilikuwa za zambarau.

"Unakula tu?" alisema. "Shoga, unakula tu, na moteli iliyo mbele ya mlango wako ndiyo hiyo inachukuliwa?"

"Imeuzwa?"

"Ingeuzwa afadhali. Imekodiwa. Kuna shirika huko mjini linataka kuleta wanaume wanane waliomaliza vifungo vyao, wakae hapo mwaka mzima mpaka wazoee tena kuishi na watu. Na usiniulize walifungwa kwa lipi."

"Kwa lipi?"

Trudy akainama mpaka ncha za nywele zikaingia kwenye kabichi. "Waliwaingilia watu, Lorna. Wengine watoto."

Lorna akaweka uma chini. Hakuwaza mlango wake, wala usingizi wake. Alimuwaza dada yake Bernadine, ambaye wakati ule alikuwa nyumbani mbele ya dirisha linalotazama moteli, miguu kwenye kigoda, anasikiliza mpira wa besiboli redioni.

Bernadine alikuwa na miaka sabini na moja, Lorna sitini na sita. Walikulia shambani, maili sita kutoka hapo, na katika shamba lile aliishi baba yao mdogo, Emmett, chumba cha juu ya zizi la kukamulia. Tangu Bernadine akiwa na miaka tisa mpaka alipotimiza kumi na tatu, Emmett alimfanyia mambo ambayo mtoto hafanyiwi. Hakuna aliyemshtaki. Alikufa mzee, akazikwa kwa heshima, tarumbeta ikipigwa, na padri akamsifu kwa upole wake. Bernadine alimwambia mdogo wake habari ile akiwa na miaka hamsini, wakiwa wanamenya tufaha, na baada ya hapo hakuitaja tena. Alipovunjika nyonga Lorna alimchukua wakae pamoja, na tangu hapo alikuwa amejipa kazi ya kusimama kati ya dada yake na kila kitu kibaya, hata upepo.

Basi jioni ile alirudi nyumbani akaficha gazeti chini ya mto wa kiti. Kesho yake akalificha lingine. Kwenye redio, taarifa ya habari ilipoanza, alikuwa anakumbuka ghafla kwamba anataka kusikiliza muziki.

"Siku hizi umependa sana muziki," Bernadine alisema.

"Nimezeeka, ndiyo maana."

Mkutano wa kwanza ulifanyika ukumbini, na watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya gari la zimamoto. Mwenyekiti wa kijiji, Leland Ostby, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa asiyependa maneno mengi, aligonga meza kwa kikombe. Mbele alisimama mtu wa lile shirika, Curtis Amundson, mrefu, kipara, aliyekuwa askari jela miaka ishirini kabla ya kazi hii. Alieleza taratibu: mlinzi mlangoni usiku na mchana, bangili za kufuatilia miguuni, hakuna kutoka bila msindikizaji.

"Na mimi nina wajukuu watatu wanaolala nyumbani kwangu," Trudy alisema akiwa amesimama. "Wewe una wangapi mtaani kwako?"

"Sina wajukuu, mama."

"Basi peleka hao wanane kwako, maana kuna nafasi!"

Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akapaza sauti kwamba kijiji kina polisi mmoja, na huyo mmoja anaumwa mgongo. Amundson alisubiri kelele zitulie.

"Watatoka gerezani mkitaka msitake," alisema. "Vifungo vyao vimekwisha. Kinachobaki ni swali la watakaa wapi. Wakikosa pa kukaa, watalala ndani ya magari na chini ya madaraja, na hapo hata mimi sitajua walipo."

"Wakalale chini ya daraja la kwenu!"

Lorna alipiga makofi na wengine. Akatia saini yake kwenye karatasi ya kupinga, mstari wa tatu, chini ya Trudy na mume wa Trudy.

Ndipo Leland alipokumbuka sheria ndogo ambayo kijiji kilijitungia miaka kumi na miwili nyuma na hakuna aliyewahi kuitumia. Ilisema nyumba ya aina hiyo isiwe chini ya futi elfu moja na mia tano kutoka shule, kanisa, au bustani ya watoto, kipimo kutoka mpaka hadi mpaka. Shule ilikuwa mbali. Kanisa lilikuwa mbali zaidi. Bustani ya watoto hawakuwa nayo.

"Sasa hivi hatuna," Trudy alisema. Kisha akanyamaza, kitu ambacho hakikuwa kawaida yake, na kila mtu akageuka kumtazama. "Leland, kile kiwanja cha kijiji pale kona, kilichojaa magugu, ni cha nani?"

"Umeshasema. Cha kijiji."

"Na ombi la hawa jamaa linasikilizwa lini?"

"Ishirini Mei."

"Wiki tano," Trudy alisema. "Nani ana sepetu?"

Kiwanja chenyewe kilikuwa kidogo, na upande ule hapakuwa na kingine. Vilivyosalia vilikuwa vya watu binafsi au kinamasi. Kwa macho, umbali hadi moteli ulionekana mfupi wa kutosha kuwazuia. Leland akasema kipimo rasmi atakifanya Lorna, kwa kuwa alifanya kazi ofisi ya wapima ardhi ya wilaya miaka thelathini na moja. Amundson, alipoulizwa, alisema hana neno. Alikuwa amesikia kwamba Bi Tischler akisema ukuta umepinda, ukuta unajinyoosha. Watu wakacheka, na kwa mara ya kwanza jioni ile wakacheka wote pamoja.

Wiki zile zilikuwa nzuri. Lorna mwenyewe alishangaa jinsi zilivyokuwa nzuri. Mumewe Arlo alikuwa amefariki miaka sita nyuma, na tangu wakati huo siku zake zilikuwa zinafanana kama mayai. Sasa kila asubuhi alivaa mabuti, akatia kahawa kwenye chupa, akaenda kona. Theluji ya mwisho ilikuwa imeyeyuka na udongo ulinukia. Watu waliokuwa wakipungiana mikono tu ndani ya magari sasa walishika mti mmoja, mmoja huku na mwingine kule, wakabishana uende kushoto au kulia.

Duane Kressin, fundi wa kuchomelea aliyestaafu, alitengeneza bembea nne kwa mabomba ya mashine za kukamulia. Alijaribu ya kwanza yeye mwenyewe, na uzito wake wote, na mabomba yakalia lakini hayakukatika.

"Ikimbeba Duane itabeba tembo," Trudy alisema.

"Tembo angesema asante," Duane akajibu.

Mchana walikula soseji za kuchoma na jibini, wamekaa juu ya mbao. Trudy na Lorna walipaka rangi uzio wakiwa wamepiga magoti bega kwa bega, na Trudy akamhadithia habari za kila kichwa alichowahi kuosha Otter Bend. Lorna alicheka mpaka akashika ubavu. Kwa siku nzima angeweza kusahau bustani ile inajengwa kwa ajili gani. Jioni ndipo alipokumbuka, akirudi na kuliona dirisha lake, na kichwa cheupe cha Bernadine nyuma ya kioo.

"Mnajenga nini huko?" Bernadine aliuliza.

"Bustani. Kwa watoto."

"Mtaa huu una watoto wawili, na mmoja ana ndevu."

"Watakuja wengine," Lorna alisema, akaenda kunawa.

Siku saba kabla ya mkutano alitoka kupima. Alichukua utepe wa chuma wa zamani na vijiti vyenye vitambaa vyekundu, na Duane akamshikia ncha ya pili. Walianza uzio wa bustani, wakafuata ukingo wa barabara, hadi uzio wa mbao wa moteli. Lorna alisoma namba, akaiandika, wakarudia kwa kwenda kinyume.

"Ngapi?" Duane akauliza.

"Elfu moja mia nne themanini na saba."

Duane akatupa kofia juu. "Futi kumi na tatu! Tumewapiga kwa futi kumi na tatu!" Akaondoka karibu mbio kwenda saluni kutoa habari, na hakurudi kuchukua kofia.

Lorna akabaki pale anakunja utepe. Alikuwa ameuona uzio ule kila siku kwa miaka mingi, na pengine ndiyo maana hakuwa ameutazama. Sasa aliutazama. Mashine ya zamani ya barafu ilikuwa imesimama ndani ya uzio, mbali kidogo, karibu na ukuta wa chumba namba nane. Na ghafla akajiona yuko pale, kijana wa miaka ishirini na mitano, mwaka wa themanini na nne, ameshika fimbo ya kupimia, na bosi wake Haugen anachungulia kwenye darubini na kutukana mbu.

Mpaka wa moteli haukuwa kwenye uzio. Mwenye moteli wa wakati ule alitaka nafasi ya kuegesha malori ya wawindaji wa kulungu, akasogeza uzio wake ndani ya ardhi ya kijiji. Haugen aliona, akacheka, akasema mwacheni, nani anaihitaji nchi hii ya mbu. Bikoni yenyewe, chuma kilichopigwa ardhini, ilikuwa pale karibu na mashine ya barafu. Yeye Lorna ndiye aliyeishikilia wakati Haugen anaigonga kwa nyundo.

Alipita geti lililolegea. Alipiga hatua kutoka uzioni akihesabu, akachimba kokoto kwa kisigino, kisha kwa mikono. Chuma kilikuwepo, kimeota kutu, na herufi za Haugen bado zinasomeka kichwani. Alipima kutoka hapo hadi uzioni peke yake, utepe umebanwa na jiwe. Futi arobaini na moja.

Ukijumlisha, elfu moja mia tano ishirini na nane. Sheria haikuwazuia tena.

Alikaa juu ya kizingiti cha chumba namba nane. Haugen alikuwa amekufa. Mwenye moteli alikuwa amekufa. Ramani ilikuwa imelala kwenye kabati wilayani, na shirika halikuwa limeitafuta kwa sababu walikubali kipimo chake. Hapakuwa na mtu mwingine chini ya jua aliyejua. Aliirudishia bikoni kokoto zake, akazisawazisha kwa buti, akaenda nyumbani.

Siku mbili alikuwa mtu wa kuunguza mkate. Aliosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Barabarani watu walimpigia honi na kumuonyesha vidole gumba. Trudy alimletea pai ya rubabu, yale mabua mekundu machachu, ambayo juu yake ameandika 1487 kwa unga. Siku ya tatu, wakiwa mezani na pai ile imebaki robo, Bernadine akasukuma kando sahani yake.

"Haya, sema."

"Niseme nini?"

"Lorna, wewe hujawahi kujua kuficha kitu tangu utotoni. Umefunga mdomo mpaka masikio yamekuwa mekundu. Ni habari ya wale wanaume wa moteli?"

Lorna akabaki na kijiko hewani. "Nani alikwambia?"

"Trudy. Anakuja kunisuka nywele kila Alhamisi, ulifikiri tunakaa kimya? Isitoshe, gazeti unaloficha chini ya mto, mimi ndiye ninayekalia huo mto."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nasubiri nione utapenda muziki mpaka lini."

Lorna akacheka, kisha machozi yakamtoka, kisha akaeleza yote: bikoni, futi arobaini na moja, namba mbili, na kwamba namba ya kweli anayo yeye tu. "Nikinyamaza, hawaji," alisema. "Ni hivyo tu. Nikinyamaza, hutalazimika kuwaona kila asubuhi ukifungua pazia. Nilitaka ukae kwa amani, Bernadine. Angalau hapa."

Bernadine alitazama nje. Moteli ilikuwa pale pale, rangi yake ya kijani imebanduka.

"Mimi hao siwapendi," alisema taratibu. "Tusije tukadanganyana. Sitawapelekea keki, na sitaki mtu aje aniambie niwasamehe. Hilo ni la kwangu."

"Najua."

"Hujui, ngoja nimalize. Emmett alikuwa mkarimu. Alikuwa na peremende mfukoni. Alikuwa na ufunguo wa nyumba yetu, na Krismasi alikaa karibu na mama. Hakuna aliyemuwekea mlinzi, hakuna aliyemfunga bangili. Siku nzima nilikuwa najiuliza yuko wapi: yuko ghalani, yuko ngazini, yuko nyuma ya mlango? Alikuwa kila mahali, Lorna, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamtazama isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa na miaka tisa." Akavuta pumzi. "Hawa wanane kutakuwa na mtu mlangoni wa kuwahesabu asubuhi na jioni. Mimi ningetoa mkono huu ili kuwe na mtu aliyemhesabu Emmett."

Lorna akarudisha kijiko mezani.

"Mimi nikifungua pazia nitajua walipo," Bernadine alisema. "Kwangu hiyo ndiyo amani. Wengine kwao si hivyo, na Trudy ana haki ya kuogopa, nisingependa mtu amdharau. Lakini usiandike uongo kwa jina langu. Hukuniuliza."

"Sikukuuliza," Lorna alikubali.

"Umeniuliza sasa. Nipe hiyo pai."

Asubuhi Lorna alienda saluni kabla haijafunguliwa. Hakutaka Trudy asikie mbele ya watu. Alimweleza akiwa amesimama, koti hajavua. Trudy alisikiliza mpaka mwisho, kitana mkononi.

"Futi ishirini na nane," Trudy alisema. "Kwa futi ishirini na nane unataka kuniharibia wajukuu."

"Sitaki, Trudy. Ndivyo ilivyo pale ardhini."

"Ardhini! Nani ataenda kuchimba ardhini? Ungefumba mdomo tu, we mwanamke. Ungefumba mdomo tu!"

"Walinikubali mimi nipime kwa sababu sifumbi."

"Toka," Trudy alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko Lorna alivyowahi kuisikia. "Tafadhali toka, kabla sijasema la kujutia."

Tarehe ishirini ukumbi ulijaa kuliko mara ya kwanza. Lorna alisoma namba zote mbili, akaeleza uzio, akaeleza bikoni, akaweka mezani nakala ya ramani ya mwaka ule aliyoifuata wilayani. Mtu wa nyuma akasema, "Walimlipa," na Duane Kressin akageuka na mwili wake wote kumwambia rudia tena. Hakurudia. Leland aliitazama ramani kwa muda mrefu, akavua miwani, akasema, "Basi, sheria tuliitunga wenyewe."

Hapo wengi walidhani Trudy ataondoka. Hakuondoka. Alisimama, akafungua daftari, na macho yake yalikuwa yamevimba lakini sauti ilikuwa imerudi mahali pake.

"Kama wanakuja," alisema, "hawaji hivi hivi. Nina mambo tisa. Bwana Amundson, chukua kalamu."

Walibishana mpaka kahawa ikaisha mara mbili. Trudy alitaka asiletwe mtu ambaye aliowaumiza wanaishi katika wilaya ile. Alitaka namba ya simu ya mlinzi kwenye kila jokofu la mtaa. Alitaka watano badala ya wanane, na mwaka mmoja wa majaribio kabla ya kijiji kupiga kura upya. Alitaka kamati ya majirani iruhusiwe kuingia na kukagua siku yoyote bila taarifa.

"Siku yoyote, mama?" Amundson aliuliza.

"Na saa yoyote. Kwani utakuwa umelala?"

Amundson aliandika. Katika mambo tisa alikubali saba palepale, na la nane alipokwisha piga simu kwa wakubwa wake. La tisa, kwamba moteli ipakwe rangi upya maana inatia aibu, alisema hilo angelifanya hata bila kuulizwa. Kura zikapigwa: katika wajumbe saba wa baraza la kijiji, wanne walikubali, watatu walikataa.

Watano walikuja katikati ya Juni, kwenye gari dogo jeupe, kila mmoja na begi. Walikuwa watu wa kawaida kutazama, na jambo hilo lilimtisha Lorna kuliko kama angewakuta wana pembe. Bernadine alifungua pazia, akawatazama wakishuka mmoja mmoja.

"Watano," alisema, akarudi kwenye mpira wake.

Trudy hakuzungumza na Lorna Juni nzima. Alhamisi zake hazikusimama, lakini alipita mlango wa nyuma, akamsuka Bernadine, akaondoka kwa mlango huo huo. Lorna alikuwa chumba cha pili, anawasikia wakicheka. Iliuma. Hata hivyo alilala vizuri, na alipoamka hakuwa na jambo la kuficha, na hilo alikuwa amelisahau lilivyo jepesi.

Kila wiki Trudy alivuka barabara akaingia moteli kwa ukaguzi, siku asiyoitaja. Alikagua vitasa. Alikagua daftari la mlinzi mstari kwa mstari. Siku moja alimkuta Amundson amepandisha miguu mezani, akamshusha miguu. Katikati ya Julai alimkuta Lorna nje akipogoa maua, akasimama upande wa pili wa uzio.

"Yule jamaa hajui kutengeneza kahawa," alisema, kana kwamba walikuwa wanazungumza tangu jana.

"Amundson?"

"Maji ya kuoshea vikombe. Nimemwambia wiki ijayo nakuja na yangu." Akavunja jani. "Kitabu chake lakini kiko safi. Nimetafuta kosa mpaka nimechoka."

"Wewe umechoka?"

"Kidogo." Trudy akalitazama lile jani. "Bado nina hasira nawe, ujue. Asubuhi nakasirika zaidi. Kufika saa sita inapungua."

"Basi njoo baada ya saa sita," Lorna alisema.

Trudy akaguna, na ule mguno Lorna aliujua. Akamfungulia geti.

Ile bustani waliimaliza. Mbao zilikuwa zimeshakatwa, bembea zimeshasimama, na Leland alisema ni aibu kuacha kitu kizuri nusu. Waliifungua Jumamosi ya kwanza ya Agosti kwa mahindi ya kuchemsha na siagi, na bendi ya watu watatu. Watoto walitoka mitaa ya ng'ambo, na mashambani, na wengine hata Lorna hakujua ni wa nani. Trudy aliwakalisha wajukuu wake watatu kwenye bembea moja. Kutoka kona ile, moteli ilionekana mbali, nyeupe kwa rangi yake mpya, mlinzi kivulini kwenye kiti chake.

Bernadine alisema anakwenda. Lorna akataka kuleta gari. Bernadine akasema ana miguu miwili, mmoja mbovu na mmoja mzima, na hesabu hiyo inatosha. Walitembea polepole, mkono kwenye mkono, wakapumzika mara tatu. Duane akamtolea kiti cha kivulini, lakini Bernadine alikipita, akaenda moja kwa moja kwenye bembea ya nne iliyokuwa tupu.

"Dada, nyonga yako," Lorna alisema.

"Ilimbeba Duane," Bernadine alisema, akakaa, akashika minyororo. "Sukuma. Taratibu, mimi si tembo."

Lorna akasimama nyuma yake, akaweka viganja viwili mgongoni mwa dada yake, akasukuma. Msichana mdogo kwenye bembea ya jirani aligeuka kumtazama bibi yule mwenye mvi anayeinuka na kushuka, akamuuliza anaweza kwenda juu kiasi gani.

"Sijui," Bernadine alimjibu. "Ndio kwanza naanza."

Bendi ikaanza wimbo mwingine, na Trudy akaita kwa sauti yake ile kwamba mahindi yanapoa.